Hati ya Kuzaliwa ya Mdakaji wa Pili

Dubrava, Iowa
14 Januari 1971

Mpendwa Mjomba Emil,

Natanguliza salamu za nyumba nzima, kisha zangu, ambazo utaziona zimepigwa kwa taipureta kwa sababu sasa nina ofisi. Hatujambo sote. Theluji imefika kwenye kitasa cha banda la kuku, Baba amevunja koleo la pili, na maumivu ya kiuno cha Mama yamehamia begani, mahali ambapo yeye anasema yana adabu zaidi. Anauliza kama huko Florida unavaa fulana ya ndani.

Naomba sasa nikuarifu jambo ambalo bila shaka Mama amekwisha kukuandikia kwa namna yake. Tangu tarehe nne mwezi huu nimeajiriwa na klabu yetu ya Fisi Maji kuwa Msaidizi wa Takwimu na Kumbukumbu. Ajira ni ya majaribio hadi tarehe kumi Aprili, siku ya kuwasilisha kikosi. Baada ya hapo Bwana Stoddard ataamua kama shahada ya hisabati ina faida yoyote kwa mchezo wa besiboli. Alinieleza mashaka yake siku ya kwanza, kwa upole. "Bi Kubat," alisema, "nimeiongoza klabu hii miaka ishirini na mbili kwa kutazama. Wewe utatazama nini?" Nilimjibu kwamba nitatazama yale ambayo macho yamezoea kuyaruka. Akanikabidhi kabati la majalada.

Kikosi ni cha watu ishirini na mmoja, na nafasi ishirini zimekwisha kujulikana. Iliyobaki ni ya mdakaji wa pili, wa kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji, na inagombewa na watu wawili: Curtis Bledsoe, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, na wewe. Ningeshukuru kupata maoni yako kuhusu kijana huyo, ukiyatoa bila upendeleo.

Kuna jambo dogo zaidi. Ligi imepitisha kanuni mpya: hakuna mchezaji aliyetimiza miaka thelathini na minane atakayesajiliwa msimu huu, na atakayethibitika kuvuka umri huo ataondolewa kambini siku hiyo hiyo. Kila klabu inatakiwa kukusanya hati za kuzaliwa. Ya kwako haimo. Jalada lako linasema ulizaliwa tarehe nne Mei 1935. Mama, aliyezaliwa tarehe kumi na tisa Machi 1931, anasema yeye ni Kurwa na wewe ni Doto, na kwamba ulimfuata baada ya dakika kumi na moja. Kwa mujibu wa ofisi, basi, ulimfuata baada ya miaka minne na siku arobaini na sita. Sina shaka Bibi angelikumbuka jambo kama hilo.

Nataka ieleweke, Mjomba, kwamba ninayoyajua kama mpwa siyajui kama karani. Karani anajua hati tu. Tafadhali itume.

Wako mtiifu,
Marlena Kubat, Shahada ya Sayansi


Lake Orrin, Florida
2 Februari 1971

Kwako Profesa,

Barua yako imefika na mihuri yake yote. Mhudumu wa posta alinipa pole, akidhani nimeshtakiwa. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo huamka nusu saa baada yangu. Mwambie mama yako fulana ninayo. Mwambie pia kwamba huku watu huchuma machungwa wakiwa wamevaa kaptura, halafu nenda ukasimame mbali naye.

Nimekuwa huku tangu Krismasi nikipaka rangi majukwaa ya uwanja wa mazoezi, kama kila mwaka. Safari hii mwenye uwanja ameleta kijani cha aina ambayo Mungu hakuitumia popote. Kambi yenyewe haijaanza rasmi, lakini warushaji wachache wamefika mapema, na yule Curtis wako pia.

Unataka maoni bila upendeleo. Haya basi. Curtis Bledsoe ni kijana mzuri. Anapiga mpira mbali sana. Juzi aliupiga ukavuka uzio ukaangukia shamba la machungwa, na wachumaji wakaurudisha ukiwa umegongwa muhuri wa daraja la pili. Anakula vizuri. Anawaandikia wazazi wake. Ana meno yote. Kuhusu kudaka, niseme tu kwamba ana meno yote.

Unajua kwa nini klabu inahitaji mdakaji wa pili. Ni kwa ajili ya Roscoe Tidwell na ule mpira wake usiozunguka, unaokuja umelewa kama kipepeo na kubadili nia mbele ya uso wako. Mdakaji wa kwanza alivunjika kidole mwaka wa sitini na tano na tangu hapo akasema hamdakii tena mtu yule, hata mahakama ikiamuru. Kwa misimu sita nimemdakia mimi. Jana tulimjaribu Curtis. Mpira wa kwanza ulimpiga kwenye mtulinga. Wa pili ukampita katikati ya miguu. Wa tatu ukamkuta amefumba macho.

"Curtis," nikamwita, "glavu yako iko mkono gani?"

"Wa kushoto, mzee."

"Basi uambie huo mkono. Inaonekana haujapata habari."

Roscoe alicheka hadi akakaa chini. Kijana hakucheka. Aliomba mpira wa nne. Hilo liandike kwenye takwimu zako kama una safu yake.

Ama hati, iko kwenye sanduku langu la bati, darini kwenu. Nina uhakika kabisa.

Mjomba wako,
Emil


Dubrava, Iowa
9 Februari 1971

Mpendwa Mjomba,

Tumeipokea barua yako kwa furaha. Hapa kuku wameacha kutaga kwa sababu ya baridi, na Mama ameacha kusema nao kwa sababu hiyo hiyo. Baba amenunua koleo la tatu.

Sanduku la bati tumelifungua mbele ya mashahidi wawili, yaani mimi na Mama. Lilikuwa na kofia saba, meno ya bandia ya mtu asiyejulikana, kinga za magoti jozi tatu, na picha ya msichana wa Nebraska imeandikwa nyuma "Usinisahau, E." Hati hakuna. Picha Mama ameichukua, na amesema mtazungumza.

Ama Curtis Bledsoe, nakushukuru kwa maelezo, ingawa nimelazimika kuyatenga na mzaha, na kilichobaki ni kifupi. Nimebuni kipimo kinachojumlisha mipira iliyompita mdakaji, wakimbiaji waliomwibia besi kwa kukimbilia kituo kinachofuata, na umri. Kwa kipimo hicho Bledsoe anakushinda kwa mbali katika kila jambo, ila moja: anapodaka mipira ya Bwana Tidwell hesabu inaharibika kabisa. Pasipo mtu wa kumdakia, Tidwell hana kazi. Na pasipo Tidwell, Bwana Stoddard hana mrushaji wa kuanzisha mechi za Jumamosi. Hivyo nafasi moja imebeba watu watatu. Nimemwonyesha Bwana Stoddard mchoro. Aliugeuza juu chini, kisha akaurudisha ulivyokuwa, akasema, "Hili nililijua." Nimelichukua kama sifa.

Kila Jumatatu asubuhi huniuliza neno moja tu: "Imefika?" Nami humjibu kwamba haijafika.

Mama ana pendekezo lake. Anasema kama ndugu yake ana miaka thelathini na mitano, basi na yeye anayo hiyo hiyo, maana pacha hawagawanyiki, na yuko tayari kuliapia mbele ya padri. Nimemkumbusha kwa heshima kwamba mimi nilizaliwa Novemba 1949, na kwamba kwa hesabu hiyo mpya angekuwa amenizaa akiwa na miaka kumi na minne. "Nilikuwa nimekomaa mapema," akasema. Baba alitoka nje kwenda kutazama theluji.

Naomba hati, Mjomba.

Wako mtiifu,
Marlena


Lake Orrin, Florida
27 Februari 1971

Mpwa wangu,

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya mkono, si kwa sababu ya moyo. Roscoe alinipiga kidole gumba na sasa naandika kama daktari. Wote wamekwisha kuwasili, kambi imejaa, na hoteli imejaa harufu ya dawa ya kuchua misuli. Mama yako aache ile picha. Huyo msichana alikuwa mtunza kumbukumbu za mechi huko huko Nebraska, mjini Omaha, na alinifundisha kuhesabu. Sina zaidi la kusema.

Kuhusu hati, nimekumbuka. Haikuwa sandukuni kamwe. Ilikuwa mahakamani kwa msajili, ikachukuliwa na mafuriko ya mwaka wa hamsini na moja. Maji hayajui cheo cha karatasi.

Sasa nikueleze habari ya maana. Nimemwanzishia Curtis mayai. Usicheke. Mama yako amekusimulia alivyokuwa, utotoni mwetu, akisimama bandani ananirushia mayai, nami nayaweka kikapuni? Kila lililopasuka tulinyimwa kolache, yale maandazi matamu ya Jumapili, na Bibi yako hakusamehe hata moja. Ndiko nilikojifunzia. Mpira wa Roscoe huwezi kuukamata. Unausubiri, unaupokea, unaondoka nao kidogo kama mgeni aliyechoka. Mtu anayekamata yai anapata uji.

Basi kila siku baada ya mazoezi tunakwenda nyuma ya jiko la hoteli. Siku ya kwanza Curtis alivunja kumi na tisa kati ya ishirini. La ishirini lilianguka kwenye nyasi. Mpishi alitoka na mwiko.

"Nani anayalipia haya?"

"Fisi Maji wa Dubrava," nikamjibu.

"Fisi maji hula samaki."

"Huyu tunamwachisha."

Leo amevunja kumi na mbili. Analalamika kwamba mimi narusha kwa hila. Nimemwambia hajaona hila bado, asubiri Roscoe akasirike.

Kipimo chako ni kizuri, lakini kinamwona mdakaji kama ndoo. Uliza kipimo hicho: mrushaji akivunjika moyo, nani anatembea hadi kwake, na anamwambia nini?

Mjomba,
Emil


Dubrava, Iowa
6 Machi 1971

Mpendwa Mjomba,

Pole kwa kidole. Mama anashauri mafuta ya bata na kufikiri kabla ya kuweka mkono. Barafu ya mtoni imeanza kupasuka na kuku mmoja ametaga. Baba amelibeba yai nyumba nzima kama kombe.

Nimefanya uchunguzi kuhusu mafuriko ya mwaka wa hamsini na moja. Mahakama yetu, kama unavyokumbuka, iko kileleni mwa kilima, juu ya mto kwa futi mia moja na arobaini. Maji yangefika kwa msajili, mnara wa kanisa ungekuwa kisiwa na mimi ningekuwa samaki. Kwa hiyo nalazimika kuandika jaladani: "Maelezo ya pili, hayakuthibitika." Ya kwanza yalikuwa ya sanduku.

Umeniuliza swali, na si desturi yangu kukwepa swali. Kipimo hakijui mrushaji aliyevunjika moyo anaambiwa nini. Nilipomuuliza Bwana Stoddard, alisema kwamba mwaka wa sitini na nane, Tidwell aliporusha ovyo na kuwapa wapigaji wanne mfululizo besi ya bure mbele ya watu elfu mbili, ulitembea hadi kwake, ukasimama dakika nzima, ukarudi, naye akamaliza mechi bila kosa. Hakuna aliyewahi kujua ulimwambia nini. Ningependa kujua, kwa ajili ya kumbukumbu.

Nina swali moja la kitaalamu. Kwa makadirio yako, mtu wa kawaida huhitaji siku ngapi kufikia kudaka mayai ishirini bila kuvunja hata moja? Nauliza kwa ajili ya takwimu tu. Wakati huo huo, msako wa hati unaendelea kwa bidii ile ile.

Sherehe ya Mama ya kutimiza miaka arobaini itafanyika Ijumaa ya tarehe kumi na tisa katika ukumbi wa Kicheki. Anasema keki itakuwa na jina moja tu, kwa vile pacha wake hajafikia umri huo.

Wako mtiifu,
Marlena


Lake Orrin, Florida
17 Machi 1971

Mpwa mpendwa,

Mwombee mama yako heri kwa niaba yangu, na umwambie kwamba nimefurahi kuwa na dada mkubwa hivi. Mimi mzima. Goti linaamka saa moja baada yangu sasa, lakini tukishakutana tunaelewana.

Jibu la swali lako la kitaalamu: wiki tatu, mtu akiwa mkaidi. Curtis ni mkaidi. Jana amevunja matano. Mpishi ameanza kutoka nje kutazama; amewekeana dau la keki na mfua nguo kwamba kijana ataweza.

Roscoe, nilipomwendea mwaka wa sitini na nane, nilimuuliza kama aliacha jiko linawaka nyumbani. Alisimama akafikiri dakika nzima. Akasema hapana. Nikamwambia basi hakuna la kuwaka, nikarudi kuchuchumaa. Hiyo ndiyo siri yote. Mtu anayefikiria jiko hawezi kuogopa watu elfu mbili.

Sasa, furaha kubwa. Hati imepatikana. Ilikuwa ndani ya kitabu changu cha sala, ambacho, kwa aibu yangu, nilikuwa sijakifungua tangu Desemba. Naiambatisha. Utaona ni halisi, ina muhuri, sahihi na tarehe: nne Mei 1935. Jina: Emil. Mahali: Dubrava. Nakuomba uiweke jaladani kwa heshima zote, na ukiweza usiisome sana, maana wino umefifia.

Mjomba,
Emil


Dubrava, Iowa
22 Machi 1971

Mpendwa Mjomba,

Tunamshukuru Mungu sherehe ilikwenda salama. Mama alipuliza mishumaa arobaini kwa pumzi moja, akawatazama wageni wote kama mtu anayesubiri pingamizi. Kolache zilikuwa za mbegu za popi na za plamu. Wanawake wa kanisani walikuulizia, na shemeji wa padri akasema kwa sauti kwamba pacha aliyechelewa miaka minne anastahili kuandikwa magazetini. Mama alimhamishia meza ya watoto.

Hati yako imefika salama. Nimeisoma, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ni halisi. Nasikitika kukuarifu kwamba imetolewa na Chama cha Wafugaji wa Ng'ombe wa Pembe Fupi, Tawi la Iowa. Katika sehemu ya uzito wa kuzaliwa inaonyesha ratili tisini na mbili. Katika sehemu ya rangi: mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Katika sehemu ya mama: Rosamunda wa Tatu.

Nilimwonyesha Mama. Alicheka hadi bega likapona. Akanieleza kwamba Babu alimpa fahali wake jina lako kwa sababu nyote wawili hamkupenda kuondoka kwenye mlango, na kwamba mwaka wa hamsini na tatu, msaka vipaji wa klabu alipokuja akitaka vijana wa miaka kumi na minane, wewe ulikuwa na ishirini na miwili na umetoka jeshini, na karatasi iliyokuwa karibu ikawa hiyo. Kwa hiyo kwa misimu kumi na minane, Ligi imekuwa ikisajili fahali. Naandika haya kama mpwa. Kama karani nimeandika: "Hati imepokelewa, hailingani na mhusika."

Sasa naomba tuache mzaha, Mjomba, kwa sababu Ligi imeacha. Wameandika kwamba klabu ambayo hati zake hazitatimia hadi tarehe tisa Aprili itafutiwa nafasi husika, na nafasi hiyo haitajazwa na mtu yeyote hadi Juni. Yaani si wewe tu. Hata Curtis hatakuwa na pa kukaa, na Tidwell hatakuwa na wa kumdakia. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kukawia kwako kunaweza kumfungia mtu mwingine mlango.

Leo asubuhi, Jumatatu, Bwana Stoddard aliniuliza kama kawaida. Nilijibu kama kawaida. Lakini zimebaki Jumatatu mbili.

Mayai yamefika mangapi?

Wako mtiifu,
Marlena


Lake Orrin, Florida
4 Aprili 1971

Mpwa wangu Marlena,

Salamu kwa wote. Hali yangu ni nzuri. Leo sina mzaha mwingi, uvumilie.

Ijumaa Curtis alidaka mayai ishirini. Nilirusha kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto, nilirusha mawili kwa pamoja, nilirusha moja nikiwa nimempa mgongo. Hakuvunja. Mpishi alishinda keki yake. Jana Roscoe alirusha mechi nzima dhidi ya timu ya kambi ya jirani, na Curtis akamdakia. Hakuna hata mpira mmoja uliompita. Katika duru ya sita Roscoe alianza kuchafuka, mipira ikawa inakwenda kokote, nikaona kijana anasimama, anatembea hadi kwake, anasema neno, anarudi. Roscoe akatulia. Baadaye nikamuuliza alimwambia nini.

"Nimemuuliza kama ni kweli wewe ni fahali, mzee," akasema.

Kumbe hoteli nzima inajua. Mpishi alisoma ile hati kabla sijaitia bahasha.

Nilikuwa nimekaa benchi wakati ule. Misimu kumi na minane nimekaa benchi mara nyingi, na kila mara magoti yalikuwa yakichuchumaa yenyewe, yakidaka kila mpira pamoja na mwenzangu. Jana hayakufanya hivyo. Nilikuwa natazama mechi. Nilikunja miguu, nikala karanga, nikafurahi. Hapo nikajua.

Sitakudanganya tena kuhusu lolote. Barua ya kwanza niliiandika kwa woga. Ukiacha kupaka rangi, sijawahi kufanya kazi nyingine tangu jeshi, na baba yako ameniahidi nafasi kwenye duka lake la mbegu kwa wema ambao ulinitia homa. Lakini ya mafuriko na ya fahali niliandika kwa sababu nyingine. Kanuni yenu inasema mtu anatolewa kambini siku hiyo hiyo. Ningeituma Februari, nani angemfundisha yule kijana mayai? Nilihitaji wiki chache. Naona aibu kwamba nilizichukua kutoka kwako, na kazi yako nayo iko kwenye mizani.

Hati ya kweli hii hapa. Imekuwa ndani ya pamba ya glavu yangu tangu mwaka wa hamsini na tatu. Nimeitoa kwa kisu cha mpishi. Imepigwa mipira mingi, ndiyo maana mwezi hausomeki vizuri, lakini mwaka unasomeka. 1931. Mfutie fahali jina, mwandike Curtis.

Mjomba wako,
Emil Vondra, miaka arobaini


Dubrava, Iowa
10 Aprili 1971

Mpendwa Mjomba Emil,

Hatujambo. Mto umefunguka, kuku wanataga wote, na Mama ameisoma barua yako akiwa amesimama, jambo ambalo hulifanya kanisani tu. Picha ya msichana wa Omaha ameirudisha sandukuni. Ameifuta vumbi kwanza.

Hati ilifika juzi, saa nne asubuhi. Kikosi kimewasilishwa leo kikiwa na majina ishirini na moja, na la mwisho ni Bledsoe, Curtis. Jalada lako la uchezaji nimelifunga kwa mkono wangu. Nilidhani nitalifanya hilo kwa utulivu wa kitaalamu. Sikufanikiwa.

Umekiri, nami nitakiri. Unakumbuka kanisa la Mtakatifu Ludmila liko wapi: ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi. Kitabu cha ubatizo kiko kwenye kabati la kushoto. Tarehe kumi na mbili Januari, siku mbili kabla ya kukuandikia barua ya kwanza, nilivuka barabara nikakisoma. "Ludmila na Emil, pacha, 19 Machi 1931." Padri angenipa nakala kwa dakika kumi. Sikuiomba. Niliona ni sahihi zaidi, kiutaratibu, hati itoke kwa mhusika mwenyewe. Na ulipoandika kuhusu mayai, niliona ni sahihi zaidi na zaidi.

Sikumdanganya Bwana Stoddard. Hakuwahi kuniuliza "Unajua?" Aliniuliza "Imefika?" na haikuwa imefika.

Juzi nilimpelekea hati na maelezo yote haya, nikiwa nimekwisha kufungasha kalamu zangu. Alisoma, akavua miwani.

"Bi Kubat, dirisha langu linatazama wapi?"

"Barabarani, Bwana."

"Na ng'ambo ya barabara?"

"Kanisani, Bwana."

"Januari ulivuka bila koti. Nikasema, huyu ameona kitu." Akaivaa miwani. "Nilimsajili Emil mwenyewe, mwaka wa hamsini na tatu. Unadhani sijui hati ya ng'ombe ikoje? Baba yangu alikuwa mfugaji."

Kisha akaniambia niendelee kuja kazini, na akanituma kabatini kuchukua fomu ya kijivu, ambayo naiambatisha. Kama ujuavyo, nyuma ya uzio, pale warushaji wanapopasha mikono kabla ya kuitwa, kila klabu huweka mtu wa kuwadakia. Anavaa jezi. Anasafiri na timu. Anachuchumaa anapotaka na anakaa anapochoka. Lakini hahesabiwi kwenye kikosi, na kwa hiyo kanuni mpya haimgusi. Nimeichunguza fomu hiyo mistari yote kama karani, kisha nikaichunguza tena kama mpwa. Haina sehemu ya umri. Ukitaka kuwa na miaka thelathini na mitano, hakuna wa kukuzuia isipokuwa Mama.

Nimebadilisha pia kipimo changu. Nimekiongezea safu moja, nayo kwa sasa ina neno "jiko".

Ufunguzi ni tarehe ishirini. Tafadhali ijaze na uirudishe, safari hii bila kuchelewa.

Mpwa wako,
Marlena


Lake Orrin, Florida
13 Aprili 1971

Profesa,

Kadi hii ni ndogo, nami nafungasha. Naja Ijumaa kwa treni. Mama yako atengeneze za plamu, na baba yako atafute mtu mwingine wa kubeba mifuko ya mbegu.

Fomu nimeijaza. Umesema kweli, umri hawaulizi. Wanauliza kipimo cha kofia tu. Nimeandika saba na nusu, na safari hii ni ukweli mtupu: fahali angehitaji kubwa zaidi.

Doto